Visasili vya Wagiriki kama fumbo la siasa katika opera za kisasa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali mengi hapa yanazunguka opera nne, yaani tamthilia zinazoimbwa na okestra: Der Kaiser von Atlantis (Mfalme wa Atlantis) ya Viktor Ullmann, King Priam ya Michael Tippett, The Bassarids ya Hans Werner Henze na Greek ya Mark-Anthony Turnage. Zipo nyingine, na baadhi tumezigusa, lakini ukizielewa hizi nne umeshapata ufunguo wa nyingi zilizobaki.

Fumbo la siasa katika opera ni kitu gani hasa?

Aliyekulia kwenye taarab hahitaji maelezo marefu. Wimbo unamtaja paka au chungu, ukumbi mzima unajua nani anapigwa kijembe, na mwimbaji akibanwa anasema yeye ameimba paka tu. Fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua. Katika opera kijembe kinaelekezwa kwa dola, na paka ni mfalme wa Thebes au wa Troy.

Sisi hutumia vipimo vitatu kabla ya kuliita jambo fumbo. Kwanza, kisa kisimame chenyewe hata kwa asiyejua siasa ya wakati ule. Pili, kuwe na kitu ndani ya maneno au muziki ambacho hakikai vizuri Ugiriki ya kale lakini kinakaa barabara kwenye zama za mtunzi: kipaza sauti, ngao za polisi, wimbo wa taifa uliopindwa. Tatu, mtunzi awe na sababu inayojulikana ya kusema alichosema. Kipimo cha tatu kikikosekana, ulichonacho ni dhana yako, na dhana si dhambi, ila usimbandikie mtunzi.

Kwa nini Wagiriki, na si hadithi za kwao wenyewe?

Sababu ya kwanza ni usalama: hakuna waziri atakayelalamika kwamba Creon, mtawala wa Thebes kwenye visasili, amesingiziwa. Ya pili ni kwamba mwisho unajulikana. Mtazamaji hakai akijiuliza kama Oedipus, aliyemuua baba yake na kumuoa mama yake bila kujua, atagundua. Anajiuliza kwa nini hakuna aliyemzuia, na hapo ndipo siasa inapoingia. Ya tatu, ambayo kwetu ndiyo kubwa, ni korasi. Tamthilia ya Kigiriki inakuja na umati uliokwisha kuandikwa ndani yake, na opera ina kwaya inayolipwa kusimama jukwaani. Ukitaka kuonyesha jinsi wananchi wanavyogeuka, chombo kipo tayari.

Desturi hii ilianza lini?

Visasili viliingia kwenye opera tangu siku ya kwanza, lakini kama sifa. Euridice ya Jacopo Peri ilichezwa Florence mwaka 1600 katika sherehe za ndoa ya Maria de' Medici na mfalme wa Ufaransa, na hakuna aliyetarajia imkere bwana harusi.

Mgeuko unaosikika wazi ni wa Jacques Offenbach, Paris, tarehe 21 Oktoba 1858, na Orphée aux enfers. Ni opera ya kuchekesha. Miungu wamechoshwa na mlo uleule wa Olympus, wanaasi dhidi ya Jupiter, na katikati ya uasi wao okestra inachomeka La Marseillaise, wimbo wa mapinduzi ya Ufaransa ambao utawala wa Mfalme Napoleon III haukuupenda hata kidogo. Badala ya korasi ya kale, Offenbach alimweka mhusika aitwaye Maoni ya Umma, anayemlazimisha Orpheus, mwanamuziki wa visasili, kumfuata mkewe kuzimu ingawa hamtaki tena. Mhakiki Jules Janin aliishambulia gazetini mwanzoni mwa 1859, na tiketi zikazidi kununuliwa.

Der Kaiser von Atlantis iliandikwa wapi, na Atlantis inahusianaje na Ugiriki?

Atlantis ni kisa cha Plato, kwenye Timaeus na Critias: dola ya kisiwani iliyojaa kiburi ikazama baharini. Viktor Ullmann na mwandishi wa maneno, Petr Kien, walikichukua mwaka 1943 na 1944 wakiwa wafungwa katika kambi ya Wanazi ya Theresienstadt, ambako leo ni Jamhuri ya Cheki.

Mfalme anaitwa Overall, jina linaloleta masikioni maneno "über alles" (juu ya vyote) ya wimbo wa taifa wa Ujerumani ya wakati ule. Anatangaza vita vya wote dhidi ya wote na kumtaja Mauti kama mshirika wake. Mauti, mzee mwenye sare iliyochakaa, anakasirika kwa kutumiwa bila kuombwa, anavunja upanga wake na kugoma. Tangu hapo hakuna anayekufa. Aliyehukumiwa kunyongwa ananing'inia kamba shingoni na bado anapumua. Overall, kama mtawala yeyote hodari wa matangazo, anadai kwamba yeye ndiye aliyewapa askari wake uzima wa milele. Askari wawili wa pande zinazopigana, mmoja mwanamke, wanashindwa kuuana na wanapendana. Mwishowe Mauti anakubali kurudi kazini kwa sharti moja: Mfalme awe wa kwanza.

Fumbo limefungwa mara mbili, kwenye maneno na kwenye noti. Mpiga Ngoma anaposoma vyeo vya Mfalme, chini yake kuna sauti ya wimbo wa taifa wa Ujerumani, iliyotungwa na Joseph Haydn, lakini imepindwa mpaka imekuwa ya huzuni. Mwito wa kwanza wa Kipaza Sauti, mhusika ambaye ni sauti tu ya matangazo, unachukua dondoo ya simfonia Asrael ya Josef Suk, aliyoitunga kwa misiba ya nyumbani kwake. Mfungwa Mcheki angeitambua mara moja, na mlinzi Mjerumani huenda asiitambue kabisa. Mwisho ni utenzi wa kanisani wa Martin Luther, ule unaomwita Mungu ngome imara, ukiwa na maneno mapya yanayoamuru jina kuu la Mauti lisitajwe bure.

Mazoezi yalifanyika kambini 1944, lakini onyesho halikufanyika. Inarudiwa mara nyingi kwamba SS, kikosi cha Wanazi kilichosimamia kambi, waliipiga marufuku. Lililo hakika ni kwamba Oktoba 1944 Ullmann na Kien walipakiwa kupelekwa kambi ya maangamizi ya Auschwitz na wote wawili walifia huko. Kien alikuwa na miaka 25. Karatasi zilibaki kwa mwenzao kambini, na opera ilichezwa mara ya kwanza Amsterdam tarehe 16 Desemba 1975.

Mbona rekodi zake hazifanani?

Kwa sababu maandishi yaliyosalimika yana masahihisho mengi, na maneno ya kuaga ya Mfalme yapo katika matoleo mawili. Onyesho la 1975 pia lilihaririwa kwa mkono mzito. Kabla ya kununua rekodi, angalia imefuata toleo gani. Ukisikia banjo, hamoniamu na saksafoni katika kikundi kidogo, uko mahali pake: Ullmann aliandikia ala na wanamuziki aliowapata kambini.

Katika The Bassarids, dikteta ni Pentheus au Dionysus?

Swali hili linatufikia kuliko yote, na jibu linategemea unamwangalia nani. Sisi tunashauri uwaache wote wawili kwanza, uiangalie kwaya.

Opera ilichezwa mara ya kwanza Salzburg tarehe 6 Agosti 1966, kwa Kijerumani, ingawa W. H. Auden na Chester Kallman waliandika maneno yake kwa Kiingereza wakifuata The Bacchae ya Euripides. Inapoanza, watu wa Thebes wamekusanyika kumsifu mfalme mpya, Pentheus. Dakika chache tu, sauti kutoka nje ya jukwaa inaimba kwamba Dionysus, mungu wa mvinyo, ameingia nchini. Kwaya ileile iliyokuwa ikisifu inaondoka mbio kwenda mlimani. Hakuna hoja iliyotolewa wala ahadi. Ni sauti tamu tu.

Pentheus, baritoni, anajibu kama serikali nyingi zinavyojibu: anapiga marufuku ibada, anazima moto kwenye kaburi la Semele, mama yake Dionysus, anakamata watu, anawatesa ili waseme. Ni mtu wa akili na nidhamu, na ndiye anayeamuru mateso. Dionysus, teno, hamtesi mtu kwa mkono wake. Anamshawishi Pentheus avae nguo za kike akawachungulie wanawake mlimani, na huko mama yake mwenyewe, Agave, anamrarua akidhani ni mnyama. Anarudi mjini na kichwa cha mwanawe mikononi akijisifu kwa windo. Kisha Dionysus anaamuru jumba lichomwe, na watu wanapiga magoti.

Henze alizaliwa Ujerumani 1926, baba yake akawa Mnazi, naye akaingizwa jeshini kijana akiwa bado hajafika miaka 20. Mwaka 1953 alihamia Italia. Ndiyo maana hatukubaliani na wanaomsoma Dionysus kama uhuru na Pentheus kama ukandamizaji, usomaji uliopendwa sana na kizazi cha maandamano ya vijana ya 1968. Henze aliwaona watu wazima wenye akili zao wakilewa sauti moja. Lakini pia hakumfanya Pentheus kuwa shujaa: anayekataa kabisa kilicho ndani yake hukifungulia mlango wa nyuma.

Umbo la muziki linasaidia. Opera nzima ni kama simfonia ya sehemu nne bila kukatika: sonata, mchezo wa ngoma, sehemu ya polepole yenye fyuga, na mwisho pasakalia, yaani sauti moja ya chini inayorudi na kurudi. Kwenye sonata muziki wa Pentheus, wenye tarumbeta na ukali, unashindana na wa Dionysus sawa kwa sawa. Kadiri unavyosonga, wa Pentheus unakonda. Siasa imeandikwa hapo: mtu hashindwi kwa hoja, anamezwa.

Usiwasikilize wanaosema Dionysus anashinda moja kwa moja. Agave, akiwa amepoteza kila kitu, anamkumbusha yaliyompata Uranus na Kronos: miungu nao huangushwa.

Na King Priam? Si kisa cha vita tu?

Angalia mahali na tarehe: Coventry, 29 Mei 1962, katika sherehe za kanisa kuu jipya lililojengwa kando ya magofu ya lile lililoteketezwa na mabomu ya Wajerumani tarehe 14 Novemba 1940. Na mtunzi: mwaka 1943 Tippett alihukumiwa kifungo cha miezi mitatu kwa kukataa masharti ya utumishi wa wakati wa vita, kwa kuwa alipinga vita kwa dhamiri. Hapo vipimo vyetu vyote vitatu vimetimia.

Sikiliza sehemu ya pili. Ala za nyuzi za okestra zimeondolewa zote. Kinachobaki ni matarumbeta, ngoma, piano na filimbi, muziki wa wanaume walio vitani. Nyuzi pekee unazozisikia ni za gitaa, Achilles, shujaa wa Wagiriki, anapoimba hemani juu ya nchi yake. Upande wa Troy wanasherehekea kifo cha Patroclus, rafiki wa Achilles, mfalme Priam na wanawe wakimshukuru Zeus, na ndipo Achilles anapotoa ukelele wa vita. Shangwe inakatika. Fidla na sello zinarudi sehemu ya tatu, pamoja na wanawake wanaosubiri habari.

Tippett hakuweka upande mwema. Anayetafuta Hitler na Churchill ndani ya opera hii atarudi mikono mitupu.

Greek inamfanya nini Oedipus?

Inamhamishia mashariki mwa London, miaka ya utawala wa Margaret Thatcher. Anaitwa Eddy. Tauni ya Thebes imekuwa ukosefu wa kazi, ubaguzi wa rangi na polisi wa kutuliza ghasia. Maneno yalitokana na tamthilia ya Steven Berkoff ya 1980, na opera ilizinduliwa Munich mwaka 1988, kwenye tamasha ambalo Henze ndiye aliyelianzisha na ndiye aliyemwagiza Turnage aiandike.

Kinachowashangaza watu ni mwisho. Eddy anagundua kwamba mkewe ni mama yake, anafikiria kujitoboa macho, kisha anakataa, kwa matusi. Mapenzi, anasema, ni bora kuliko kuua, na nchi inayovumilia yote aliyoyaona haina haki ya kumtaka yeye ajitoboe macho. Wapo wanaoona huku ni kukwepa. Sisi tunaona ndilo fumbo lenyewe: uchafu haumo kitandani mwa mtu mmoja, umo mjini.

Basi kila opera ya kisasa yenye kisasili cha Kigiriki ni ya kisiasa?

Hapana. Elektra ya Richard Strauss ya 1909 imejaa damu, lakini inachimba nafsi, si serikali. Oedipus Rex ya Igor Stravinsky ya 1927 iliimbwa kwa Kilatini makusudi ili maneno yawe kama jiwe. Ngumu zaidi ni Antigonae ya Carl Orff, Salzburg 1949, yenye piano 6, besi kubwa 9 na kundi kubwa la ala za kugonga, bila fidla hata moja. Msichana anayeikaidi amri ya mtawala, miaka minne baada ya vita, kutoka kwa mtunzi aliyeishi na kufanya kazi Ujerumani ya Hitler bila kuikaidi amri yoyote kubwa. Wengine husikia toba, wengine husikia mtu anayejificha nyuma ya Sophocles. Kipimo cha tatu kinagoma.

Wagiriki wenyewe je?

Iannis Xenakis alipigana katika upinzani, akapoteza jicho Athens mwishoni mwa vita, akahukumiwa kifo akiwa hayupo, na mwaka 1966 akatunga Oresteia, kisa cha jinsi mji unavyohama kutoka kisasi hadi mahakama. Mikis Theodorakis alifungwa na watawala wa kijeshi waliochukua nchi mwaka 1967, na muziki wake ukapigwa marufuku. Opera zake za visasili zilikuja baadaye sana: Medea 1991, Electra 1995, Antigone 1999, Lysistrata 2002.

Sijawahi kusikiliza opera. Nianzeje?

Anza na Der Kaiser von Atlantis, kwa sababu haifiki hata saa moja na robo. The Bassarids iache ya mwisho.

Soma kisasili chenyewe kwa dakika kumi, usome na muhtasari wa opera, kisha andika pembeni kila mahali vinapotofautiana. Tofauti hizo ndizo sauti ya mtunzi. Kwa Greek utaandika: hajitoboi macho. Kwa Kaiser: Mauti anagoma, jambo ambalo Plato hana. Kisha sikiliza mara moja bila kusoma maneno, ukifuata kitu kimoja tu: kwaya inapoingia na inapotoka, au ala zinazotoweka. Mara ya pili soma maneno.

Kosa la kawaida ni kuanza na rekodi huku macho yakiwa kwenye tafsiri kuanzia noti ya kwanza. Utamaliza ukijua nani kamuoa nani, na nyuzi zilizoondolewa kwenye King Priam hutazigundua.

Kikundi chetu kina waimbaji wachache. Ipi inawezekana?

Greek inahitaji waimbaji 4: mmoja ni Eddy, watatu wanagawana wahusika wengine wote, na wanamuziki hawazidi 20. Der Kaiser von Atlantis ina wahusika 7 na wanamuziki kumi na kitu. Nyingine mbili ni za majumba makubwa. Usijaribu The Bassarids kwa kwaya ya watu 16, maana umati wa watu 16 haumtishi mfalme yeyote.

Noti za wanamuziki kwa kawaida hukodishwa na mchapishaji, hazinunuliwi, na kibali cha kuonyesha jukwaani ni tofauti na kibali cha kurekodi. Omba vyote viwili kabla ya kutangaza tarehe. Katika Kaiser, usibadilishe banjo na hamoniamu kwa piano ili kubana matumizi. Sauti ile ya ala zisizoelewana ndiyo inayosema kambi. Na Kipaza Sauti kipitishwe kwenye spika kwelikweli, kwa kiasi cha kukera kidogo. Mwimbaji akiimba vizuri na kwa upole kutoka pembeni, mhusika amekufa.

Ukitafsiri Greek kwa Kiswahili, usimpe Eddy lugha sanifu. Mhusika anayetukana kwa Kiswahili cha taarifa ya habari anachekesha mahali pasipostahili. Mpe lugha ya mtaa wenu, na Sphinx, lile jitu la vitendawili, pia.

Nini huua fumbo jukwaani?

Maleba, mara nyingi. Mwongozaji anambandika Overall masharubu ya Hitler, na mtazamaji anafarijika: kumbe ni yule wa zamani, amekwisha kufa. Auden na Kallman waliliona hilo, wakataka The Bassarids ichanganye zama: Tiresias, mwaguzi wa Thebes, kama kasisi wa Kianglikana, Agave kama bibi wa Ufaransa ya Napoleon III. Mtu hawezi kusema ni nchi ile.

Kosa la pili ni kuuimba utenzi wa mwisho wa Kaiser kwa fahari ya ibada ya Krismasi. Waimbe kama watu waliochoka wanaoomba kufa kuwe jambo la kawaida tena.

Kuna cha kusoma kwa Kiswahili?

Mfalme Edipode, tafsiri ya S. S. Mushi ya tamthilia ya Sophocles, ilichapishwa na Oxford mwaka 1971, na inatosha kabisa kukuandaa kwa Greek. Kuhusu Afrika na visasili hivi jukwaani, mfano mkali haupo kwenye opera: ni Antigone iliyochezwa na wafungwa wa Robben Island, Nelson Mandela akiwa Creon, mtawala.

Das Floß der Medusa ya Henze nayo imo?

Haimo, japo jina linadanganya. Medusa hapo ni meli ya Ufaransa iliyokwama 1816, na kazi hiyo si opera, ni oratorio, inayoimbwa bila kuigizwa. Fujo za Hamburg tarehe 9 Desemba 1968, bendera nyekundu ilipotundikwa jukwaani na onyesho likavunjika, hazikuhitaji fumbo lolote.